Bartolomeo Gosio: Daktari aliyefuata harufu ya sumu hadi kwenye ukungu

MFANYABIASHARA wa mahindi anayeijua kazi yake hanunui gunia kwa macho tu. Huingiza mkono hadi katikati, huchota punje, huipasua moja kwa meno, kisha hunusa. Pua ikimwambia kuna ukungu, huondoka hata kama bei ni ya kutupa.

Zaidi ya miaka 130 iliyopita, huko Roma, alikuwapo daktari mmoja ambaye naye aliifanya pua kuwa chombo cha kazi. Alichunguza mahindi yaliyoharibika na viazi vilivyoota ukungu. Harufu iliyompa jina ilikuwa ya kitunguu saumu, mahali ambapo hapakuwa na kitunguu saumu hata punje moja.

Jina lake ni Bartolomeo Gosio, na ipo gesi ambayo kwa miaka mingi imeitwa kwa jina lake. Wanaosoma kemia na sayansi ya udongo wanamfahamu vizuri. Sisi wengine tunaokula wali, tunaochota maji kisimani na kulima kando ya majosho ya zamani hatumfahamu, ingawa alichokiona yeye kinatuhusu sisi zaidi kuliko wao.

Gosio alizaliwa mwaka 1863 Magliano, kijiji cha vilima vya mizabibu karibu na mji wa Alba, katika mkoa wa Piedmont kaskazini-magharibi mwa Italia. Ufalme wa Italia wenyewe ulikuwa umetimiza miaka miwili tu. Nchi ilikuwa mpya, lakini magonjwa yake yalikuwa ya kale: malaria kwenye nyanda za chini, kipindupindu bandarini, na pelagra kwa wakulima wa kaskazini waliokula mahindi asubuhi, mchana na jioni. Chakula chao hicho wenyewe hukiita polenta, lakini mtu wa kwetu akikiona atakiita ugali.

Kijana huyo akasomea udaktari. Mwaka 1888 serikali ya Italia ilikuwa imepitisha sheria kubwa ya afya ya jamii, na Roma ikapata idara ya afya yenye maabara zake. Madaktari vijana wakaitwa kufanya kazi ambayo haikuwapo kabla: si kumtibu mgonjwa mmoja kitandani, bali kutafuta kwa nini mtaa mzima unaugua. Humo ndimo Gosio alimofanyia kazi yake kubwa.

Swali lililomngoja lilikuwa limewashinda wengine kwa takriban miaka 80. Ni swali la rangi ya kijani.

Mwaka 1775 Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden, alichanganya shaba na aseniki akapata rangi ya kijani ambayo Ulaya haikuwa imeiona. Mwaka 1814 ikatokea nyingine kali zaidi, iliyotengenezwa katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, nayo pia ilikuwa ya shaba na aseniki. Aseniki hiyo ndiyo ile ile iliyouzwa madukani kama sumu ya panya. Watu walilijua hilo, lakini rangi ilikuwa nzuri na bei yake nafuu. Ikapakwa kwenye magauni, maua ya bandia, mishumaa, vitu vya kuchezea watoto, hata peremende. Zaidi ya yote ikapakwa kwenye karatasi za ukutani, zile ambazo wenye nyumba wa Ulaya walizibandika ukutani badala ya kupaka chokaa.

Aseniki ya karatasi hizo ilitoka migodini. Uingereza ulikuwapo mgodi ulioitwa Devon Great Consols, ambao kuna wakati uliongoza duniani kwa kuzalisha aseniki. Familia ya William Morris, mchoraji aliyesifika kuliko wote kwa karatasi za ukutani, ilikuwa na hisa humo, na yeye mwenyewe alikaa kwenye bodi yake katika miaka ya 1870. Msomaji ashike jina la mgodi huo, maana tutalirudia.

Basi watu wakaanza kuugua ndani ya vyumba vya kijani. Kichwa kiliuma, tumbo likasokota, macho yakawasha, nguvu zikaisha. Wakipelekwa shamba au pwani walipata nafuu, wakirudi chumbani hali ikarudi. Watoto kadhaa walikufa, na wazazi wakaitaja karatasi.

Mwaka 1815 mkemia Mjerumani Leopold Gmelin aligundua kwamba vyumba hivyo, hasa vyenye unyevu, vilikuwa na harufu ya ajabu kama ya panya. Akaonya kwamba kuna mvuke wenye aseniki unaotoka ukutani. Katika miaka ya 1840 daktari Mjerumani Carl von Basedow alirudia onyo hilo. Mwaka 1874 Francesco Selmi wa Italia alisema wazi kwamba anadhani ukungu ndio unaotoa gesi hiyo. Wenye viwanda walicheka. Walisema mtu akiugua ni kwa sababu karatasi imechakaa na vumbi lake linaingia mdomoni, basi, na aseniki iliyobandikwa ukutani haiwezi kutembea. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na ushahidi wa kuwanyamazisha.

Gosio aliuleta ushahidi huo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na aliuleta kwa viazi.

Aliponda viazi, akavichanganya na aseniki, kisha akauacha mchanganyiko wazi katika chumba cha chini ya ardhi, ambako hewa ilijaa mbegu za kila aina ya kuvu. Mtu yeyote angedhani chakula kilichotiwa sumu ya panya hakitaota kitu. Kiliota. Kuvu za aina mbalimbali zilikitanda, na baada ya siku kadhaa harufu kali ya kitunguu saumu ikajaa.

Wengine wangeishia hapo na kuandika ripoti. Gosio alizitenganisha kuvu hizo moja moja, akazipanda kila moja peke yake kwenye chakula kisafi chenye aseniki, akangoja kuona ipi inatoa harufu. Zilikuwa zaidi ya moja. Iliyozishinda zote ni ukungu ulioitwa wakati ule Penicillium brevicaule, ambao siku hizi wataalamu wanauita Scopulariopsis brevicaulis. Akaupa rangi ya Scheele, ukatoa gesi. Akaupa rangi ya Schweinfurt, ukatoa gesi. Panya aliyewekwa kwenye gesi hiyo alikufa.

Hapo pana jambo moja ambalo mimi naliona kuwa kiini cha kazi yake yote, na ambalo watu hulipita haraka. Ukungu hauishi kwa aseniki. Unahitaji chakula na unyevu. Maabara chakula kilikuwa viazi. Ukutani kilikuwa gundi, maana karatasi zile zilibandikwa kwa uji wa unga. Ukuta mkavu wenye rangi ya kijani ulikaa kimya miaka na miaka. Ukuta ule ule ukipata maji ya mvua na gundi yake ikaanza kuoza, ukungu uliamka, ukala unga, na katika kujitafutia riziki ukaigeuza aseniki kuwa gesi. Wataalamu wengi wanaona kuwa hiyo ni njia ya kiumbe kujitoa sumu mwilini. Kwa hiyo kiasi cha sumu ukutani hakikutosha kueleza ugonjwa. Ilibidi kuuliza pia nani anaishi humo, na anakula nini.

Gosio aliigeuza kuvu yake kuwa mpelelezi. Ukiwa na kitambaa, karatasi, au kilichotolewa tumboni mwa marehemu, na unashuku kuna aseniki, mwekee ukungu huo pamoja na chakula chake. Harufu ya kitunguu saumu ikitoka, aseniki ipo, hata kama ni kidogo sana kiasi cha kushinda vipimo vingi vya kemia vya siku hizo. Kipimo hicho kikatumika Ulaya kwa miaka mingi.

Watu wamejaribu kuitumia habari hii kueleza hata kifo cha Napoleon. Mwaka 1982 wanasayansi wa Uingereza walionyesha kwamba karatasi ya ukutani ya nyumba yake kule kisiwa cha St Helena, alikofia mwaka 1821, ilikuwa na rangi yenye aseniki, na kisiwa kile kina unyevu. Hadithi ni tamu. Lakini vipimo vya nywele vilivyotangazwa Italia mwaka 2008 vilionyesha kuwa Napoleon alikuwa na aseniki nyingi tangu utotoni, kama walivyokuwa watu wengine wa zama zake. Dunia yao yote ilikuwa ya kijani.

Turudi kwenye mahindi, maana Gosio naye aliyarudia. Wakati ule Cesare Lombroso, profesa mwenye sauti kubwa wa Turin, alikuwa akishikilia kwamba pelagra inaletwa na mahindi yaliyooza. Gosio akaanza kuchunguza kuvu za mahindi. Mwaka 1893, kutoka kwa kuvu ya jamii ya Penicillium iliyoota kwenye mahindi mabovu, akapata kitu safi cha chembechembe kama za chumvi, akaona kuwa kinazuia bakteria wa kimeta wasiote. Alitangaza kwa kirefu mwaka 1896. Hiyo ni miaka zaidi ya 30 kabla Alexander Fleming hajaiona penisilini mwaka 1928.

Kuhusu pelagra alikuwa kwenye njia isiyo sahihi, kama walivyokuwa wakubwa wake. Ugonjwa ule hautokani na ukungu, unatokana na upungufu wa vitamini kwa watu wasiokula kitu kingine ila mahindi, jambo lililothibitika Marekani katika miaka ya 1910 na 1930. Lakini chembechembe zake hazikupotea. Zilipewa jina la asidi ya maikofenoli, na mwaka 1995 dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa Marekani kwa watu waliopandikizwa figo, ili miili yao isizikatae. Maelfu wanaishi kwa dawa hiyo.

Na hofu ya ukungu wa mahindi haikuwa ya bure hata kidogo. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Machi 2021 Kenya ilipofunga mlango kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha ikaufungua siku chache baadaye kwa masharti, wenye malori waliolala mpakani walijifunza sayansi ya kuvu kwa gharama yao wenyewe.

Mwaka 1899 tunamkuta Gosio katika wilaya ya Grosseto, eneo la mabwawa magharibi mwa Italia, akishughulika na malaria. Mwaka huo huo na mahali hapo hapo alikuwapo Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu. Koch alikuwa ametoka kwetu. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, akichunguza malaria ya watu na homa za ng'ombe.

Safari za Koch zinatuonyesha upande mwingine wa aseniki. Mwaka 1906 na 1907 aliweka kambi visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, wakati ugonjwa wa malale ulipokuwa ukimaliza watu wa mwambao. Aliwatibu kwa Atoxyl, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda. Alipozidisha kipimo, wengine walipofuka na macho yao hayakurudi. Sumu ya kuta za Ulaya ilikuwa imefika ziwani kwetu ikiwa ndani ya sindano.

Ilifika pia kwa njia ya ng'ombe. Katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam Koch aliviona vimelea vya ugonjwa ambao wafugaji wanaujua kwa jina la ndigana kali, ila aliudhania kuwa ni ugonjwa mwingine. Baadaye ikajulikana kwamba huenezwa na kupe, na jibu la serikali za kikoloni, kusini na mashariki mwa Afrika, likawa josho. Dawa ya josho, hadi dawa mpya zilipoingia baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa aseniki. Ng'ombe walitumbukizwa, wakatoka wakichuruzika, na yaliyochuruzika yakaingia ardhini. Josho lilipochafuka, tope lake lilichotwa likamwagwa pembeni.

Gosio, kwa jinsi ninavyojua, hakuandika neno juu ya majosho ya Afrika. Aliendelea na kuvu na bakteria zake. Mwaka 1905 alionyesha kwamba bakteria walio hai wakipewa chumvi za elementi iitwayo teluriamu hugeuka weusi, na kwamba weusi huo unaweza kumwambia mtaalamu kama dawa ya sindano aliyoidhania safi ina uhai ndani yake. Ni wazo lile lile la viazi: kama hujui kitu kimebadilika vipi, muulize kiumbe aliye hai.

Alifariki mwaka 1944, akiwa mzee wa miaka 80 na ushei, Italia ikiwa bado uwanja wa vita. Majeshi ya washirika yaliyokuwa yakipanda kutoka kusini yalibeba penisilini kwenye masanduku ya madaktari wao.

Kabla hajafa aliwahi kusahihishwa. Gesi yake alikuwa ameona inatoka, lakini muundo wake aliukosea, na mkemia mwenzake Pietro Biginelli naye akaukosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watoto wawili walikufa katika eneo la Forest of Dean, Uingereza, katika nyumba ambayo plasta yake ilikuwa na aseniki. Frederick Challenger wa Chuo Kikuu cha Leeds akaipanda kuvu ya Gosio kwenye chenga za mkate, akaikamata gesi na kuipima upya. Ilikuwa ni aseniki iliyovalishwa vifungo vitatu vidogo vya kaboni na haidrojeni. Viumbe wengi huivalisha aseniki vifungo hivyo, kimoja, viwili au vitatu, na kila umbo lina tabia yake.

Sahihisho jingine lilikuja akiwa kaburini muda mrefu. Mwaka 2005 wataalamu wawili walipitia ushahidi wote wakasema gesi ya Gosio, iliyokuwa ikiogopwa kama muuaji wa vyumbani, si kali kama ilivyosimuliwa, na kwamba hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kuwa kimeletwa nayo. Huenda wale wa vyumba vya kijani waliuguzwa na vumbi la rangi, au na ukungu wenyewe. Hivyo wenye viwanda walikuwa na ukweli kidogo. Lakini walichokuwa wakikikataa, kwamba sumu iliyowekwa mahali inaweza kuhamishwa na viumbe wadogo wasioonekana, hicho Gosio alikithibitisha na hakijapinduliwa.

Na umuhimu wake mkubwa haukuwa kwenye kuta. Uko kwenye udongo.

Mgodi wa Devon Great Consols ulifungwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hadi leo ardhi yake ina aseniki tele. Australia, katika jimbo la New South Wales, yalihesabiwa majosho ya zamani yapatayo 1,600 ambayo udongo wake umechafuliwa. Dawa nyingine za wadudu huoza taratibu. Aseniki haiozi, haiungui ikaisha, haizeeki. Ni elementi. Kinachoweza kutokea ni kubadilika umbo na kuhama, na wanaoamua itahama au itatulia ni vijidudu vya udongo pamoja na chakula chao, yaani mboji, samadi na mabaki ya mimea. Ni gundi na ukungu kwa mara nyingine, safari hii chini ya miguu yetu.

Katika udongo mkavu unaopitisha hewa, hasa ule mwekundu wenye chuma kama ulivyo mwingi wa kwetu, aseniki hushikana na kutu ya chuma ikatulia. Maji yakituama, hewa inaisha. Vijidudu vinavyokula mboji havifi kwa kukosa oksijeni. Vipo vinavyoweza kupumua kwa kutumia kutu ile. Kutu ikiyeyuka, aseniki iliyokuwa imeshikwa inaachiwa kwenye maji. Tena vipo vinavyopumua kwa aseniki yenyewe, vikaigeuza kuwa umbo linalosafiri kwa urahisi zaidi na lenye sumu zaidi. Cha kwanza cha namna hiyo kilitangazwa mwaka 1994, kilipatikana kwenye tope la Massachusetts, Marekani. Kadiri chakula kinavyokuwa kingi, ndivyo vinavyofanya kazi kwa bidii.

Bangladesh ndiko dunia ilikojifunzia hili kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya pampu kwa mamilioni, kwa nia njema kabisa, ili watu waache maji ya mabwawa yenye kuhara na kipindupindu. Mwaka 1993 ikathibitika kuwa vingi vina aseniki. Makadirio yaliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000 yalisema watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa hatarini. Hakuna mtu aliyekuwa amemwaga sumu. Aseniki ilitoka kwenye milima ya Himalaya, ikateremshwa na mito ikiwa imeshikana na kutu, ikazikwa pamoja na mabaki ya mimea. Mwaka 2004 watafiti walichukua mchanga wa Bengali Magharibi, nchini India, wakauongezea chakula cha vijidudu, wakaona aseniki inatoka. Wanabishana bado mboji ya kule chini ilitoka wapi, lakini kwamba vijidudu ndivyo vinavyofungua mlango, ubishi umepungua.

Kuna na mpunga. Majaruba yanayokaa na maji miezi mitatu ni mahali hasa pa kazi hiyo, na mpunga ni mmea unaonyonya aseniki kuliko nafaka nyingine. Kusini mwa Marekani baadhi ya mashamba ya pamba yaliyopuliziwa dawa za aseniki yalikuja kupandwa mpunga, na wakulima wakaona ajabu: masuke yanasimama wima, hayainami, kwa sababu hayana punje. Sababu moja kubwa ni aseniki iliyovalishwa vifungo vile vya Challenger. Mpunga hauwezi kuivalisha wenyewe. Inavalishwa na vijidudu vya udongo, halafu mizizi inaipokea.

Mtu anaweza kujiuliza: kama vijidudu vinaweza kuigeuza sumu kuwa gesi ikapeperuka, kwa nini tusivimwagie samadi vituondolee yote? Majaribio yamefanyika. Gesi kweli huongezeka, lakini kinachoondoka kwa njia hiyo ni sehemu ndogo sana ya kilichomo ardhini, na penye maji yaliyotuama samadi hiyo hiyo huifungulia aseniki nyingi zaidi kuingia kwenye maji na kwenye mmea. Katika udongo mkavu matokeo hutofautiana: mboji ya aina moja huishika, ya aina nyingine huiachia. Wanaolima mpunga penye aseniki wamefundishwa kukausha jaruba kwa vipindi badala ya kulijaza maji msimu mzima, na hilo hupunguza aseniki kwenye punje, ingawa kadimiamu, sumu nyingine, inaweza kupanda.

Kusini mwa Ziwa Victoria, kwenye ukanda wa dhahabu, vipimo vimekuta aseniki katika baadhi ya vyanzo vya maji, kwani miamba ya dhahabu mara nyingi huwa nayo. Maji yenye aseniki hayana rangi, ladha wala harufu. Pua ya Gosio isingefaa kitu hapo. Kuyachemsha hakusaidii, maji yanapungua na sumu inabaki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita, na kinajulikana kwa kupima tu.

Mimi nilisomea ugenini, upande wa Karagwe. Kando ya shule yetu palikuwa na josho la zege lililoachwa, ambalo wazee walisema ni la enzi za Mwingereza. Tulipopewa kazi ya bustani tulilipenda eneo lile kuliko mengine, kwa sababu lilikuwa bondeni, linashika maji, na ng'ombe wa miaka mingi walikuwa wameliachia samadi. Tulilima mchicha. Sikumbuki kuugua, na sijui josho lile lilitiwa dawa gani. Nilipita tena mwaka 2019 nikiwa safarini. Zege limepasuka, lakini bustani ipo, na imeongezwa kisima.